Sweta Lililokunjwa Mara Tatu

"Masweta yote yanafanana, mwanangu. Usijichoshe."

"Hili halifanani na mengine, Mama."

"Yote ya kijivu, yote shingo ya V, yote ya shule moja. Utalijuaje hili na lile?"

"Nalijua kwa sababu nililikunja Jumatatu. Nikalikunja juzi. Nikalikunja jana. Leo asubuhi limeletwa tena mezani kwangu, limekunjuliwa, kama halijawahi kuguswa na mtu."

Desderia alisema hayo bila kupandisha sauti. Hakuwa na nguvu ya kuipandisha. Alisimama mbele ya Mama Mbilinyi, mwenye karakana, ameshika kwa mikono miwili sweta dogo la mtoto wa darasa la tatu. Nyuma yake mashine za kufuma zilikuwa zinanyamaza, moja baada ya nyingine, na wafanyakazi wote walikuwa wameinamisha vichwa kama watu waliosahau kitu sakafuni.

"Kaa kwanza, Desi. Leokadia, mletee mwenzako chai."

"Sitaki chai. Nimeletewa chai mara tatu tangu nifike, na sasa ni saa tatu tu."

Kuna mtu alitaka kucheka, akajigeuza akakohoa.

"Nataka unijibu jambo moja, Mama. Hii ninayofanya hapa ni kazi, au ni kitu cha kunishikisha mikono nisilie?"

Mama Mbilinyi akaanza kupangusa miwani yake kwa ncha ya kitenge, na miwani haikuwa na uchafu wowote.

Ugomvi huu una mizizi, na mizizi yake ni ya miezi sita nyuma.

Karakana hiyo iko katika mji mmoja wa baridi kule Nyanda za Juu Kusini, mji ambao mtoto hawezi kwenda shule bila sweta hata mwezi wa kumi. Desderia, Mhehe wa kutoka Kilolo, alikuwa amefuma hapo miaka kumi na mmoja. Mashine yake ilikuwa namba nne, karibu na dirisha la bondeni. Watu walisema ukichukua mkono wa sweta alioufuma Desderia leo na mwingine alioufuma mwaka jana, ukaiweka pamoja, hutaona tofauti ya hata mstari mmoja.

Fundi wa kutengeneza mashine alikuwa mzee Gaspari Ngonyani, Mngoni wa Songea. Wahehe na Wangoni ni watani tangu enzi za vita vya mababu zao, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa tumbo moja hana. Kila asubuhi Gaspari alipita na kopo lake la mafuta, akasimama mbele ya namba nne.

"Mhehe, mbwa wa jirani yangu hajaonekana tangu juzi. Hebu fungua hilo bakuli lako la chakula tulikague."

Naye Desderia alijibu bila kuinua macho. "Tutakagua langu tukimaliza lako, Baba. Tangu uajiriwe hapa stoo haina hata panya mmoja. Tulidhani ni paka, kumbe ni Mngoni."

Watu walicheka, kazi ikaanza. Asubuhi ambayo hao wawili hawajatukanana, watu walisema hata chai inakosa sukari.

Kisha ikaja oda kubwa ya mwezi wa kumi na mbili. Shule tatu kwa mpigo, na masweta yote yalitakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Desderia alikubali zamu mbili kwa siku. Wiki ya kwanza aliweza. Wiki ya pili usingizi ukamkimbia. Wiki ya tatu akawa anaisikia mashine ikienda hata akiwa kanisani, amepiga magoti. Hakumwambia mtu. Aliona kwamba kila mtu amechoka, na uchovu wake hauna upekee.

Asubuhi moja walimkuta amekaa sakafuni chini ya namba nne, analia, na alipoulizwa analilia nini hakujua. Alipelekwa hospitali. Baada ya hospitali alikaa miezi mitano kwa kaka yake Kilolo.

Kaka yake alimpenda, na hilo Desderia hakulikana hata siku moja. Ila kule visu vilifichwa. Kisimani hakuruhusiwa kwenda peke yake. Watoto wakicheka kwa sauti waliambiwa nyamazeni, shangazi anaumwa. Hata nafuu ilipokuja, hakuna aliyeiona, kwa sababu hakupewa nafasi ya kuionyesha. Alipotaka kumenya viazi, wifi yake alimnyang'anya kisu taratibu, kwa tabasamu, kama unavyomnyang'anya mtoto mchanga.

Daktari ndiye aliyesema neno jipya. "Endelea na dawa, na urudi kazini. Polepole, lakini urudi."

Desderia alipanda basi na mfuko mmoja. Moyoni alikuwa na hesabu moja tu, na haikuwa ngumu. Akiweza kazi, yeye bado ni mtu mzima mwenye maisha yake. Asipoweza, hana pa kurudi ila jikoni kwa wifi yake, akakae pembeni akiangalia wengine wakimenya viazi, mpaka uzee.

Kumbe siku moja kabla hajafika, Mama Mbilinyi alikuwa amewakusanya watu wake.

"Desderia anarudi kesho," aliwaambia. "Sitaki mtu amuulize kitu. Sitaki mtu amkemee. Namba nne asiiguse, ile ndiyo iliyomwangusha. Atakaa meza ya kukunja. Na wewe mzee Gaspari, utani wako wa mbwa na panya uuache huko huko kwako. Huyu mtu sasa ni kama yai."

Gaspari alitaka kusema kitu. Mama Mbilinyi akamnyooshea kidole. "Nimekataza. Nikisikia neno moja, wewe na mimi tutaachana."

Basi Desderia alifika, na wakapanga foleni. Ndiyo desturi yetu, mtu akitoka ugonjwani hupewa pole. Walimjia mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili, sauti chini.

"Pole sana na malaria, dada."

"Nimeshapoa."

"Pole mwaya. Malaria ya siku hizi ni mbaya."

"Nimeshapoa."

Yeye hakumwambia mtu kwamba ni malaria. Kuna aliyemchagulia ugonjwa wenye heshima, na wote wakakubaliana nao. Kila aliyesema malaria alikuwa anamfungia mlango mwingine. Asubuhi hiyo moja alikuwa ameitikia pole nyingi kuliko mjane, na mdomo wake ulichoka kuliko miguu.

Alikuwa na tumaini moja. Aliliona kopo la mafuta likija kutoka upande wa stoo, akajiweka sawa kwenye kiti, akatafuta jibu kichwani kama zamani.

Gaspari alisimama mbele ya meza yake, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, dada. Karibu tena kazini."

Akapita.

Desderia alibaki ameangalia mgongo wake. Mtani wako akianza kukusalimia kama karani wa benki, ujue umeshazikwa, ni wewe tu hujaarifiwa.

Kuanzia hapo siku zikafanana. Masweta yaliletwa kwenye gunia, akayakunja, akayapanga kumi kumi. Akiingia mahali, vicheko vilikatika. Akisimama, wawili walisimama naye. Akienda msalani, Leokadia alimfuata na kusubiri nje, akijifanya anaangalia mawingu. Saa tisa alasiri aliambiwa aende akapumzike, wakati wenzake walibaki mpaka saa kumi na moja. Na kila alipouliza, "Nirudi lini kwenye mashine?", jibu lilikuwa lile lile.

"Usiwe na haraka, mwanangu. Pumzika."

Alikuwa amepumzika miezi mitano. Kupumzika kwenyewe kulikuwa kumemchosha.

Wiki ya tatu, Jumatatu, alikuta ndani ya shingo ya sweta moja kipande cha uzi mwekundu kimefungwa fundo. Aliona ni uzi uliosahaulika, akakunja akaendelea. Jumatano uzi mwekundu ukarudi. Mahali pale pale, saizi ile ile. Desderia akatazama kulia na kushoto, akafunga fundo la pili juu ya lile la kwanza, akalikunja sweta na kuliweka katikati ya furushi. Alhamisi likarudi na mafundo mawili. Alilikunja tena, akaenda nyumbani, akalala macho wazi. Ijumaa asubuhi akatia mkono kwenye gunia, na sweta la tano alilolitoa lilikuwa lile.

Ndipo alipolichukua na kwenda kwa Mama Mbilinyi.

Sasa turudi pale tulipowaacha, miwani inapanguswa.

"Nani anayakunjua?" Desderia aliuliza. Aligeuka akawaangalia wenzake. "Nauliza tu. Sitapigana na mtu."

Leokadia aliinua mkono kama mwanafunzi. Machozi yalikuwa yameshamlenga.

"Mimi, dada. Ukiondoka saa tisa tunayakung'uta, tunayarudisha kwenye gunia. Kipindi hiki kazi ni ndogo. Ya kukunja kweli kweli inaisha kwa nusu saa. Tuliambiwa usikose cha kushika."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na mimi kila siku nawauliza, 'Yamepangika vizuri?' Nanyi mnaniambia, 'Vizuri sana, dada.'"

Desderia hakulia. Aliliweka sweta juu ya meza taratibu, akailainisha shingo yake, akachukua mtandio na mfuko wake. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hasira inataka nguvu. Alichokisikia ni uzito, kama mtu aliyepanda mlima siku nzima, akafika juu, akaambiwa mlima wenyewe ni ule mwingine.

"Nilifanya kwa kukupenda," Mama Mbilinyi alisema.

"Najua, Mama. Hata kaka yangu ananipenda. Kwaheri."

"Mama Mbilinyi, ugomvi huo nipe mimi."

Ilikuwa sauti ya Gaspari. Alitoka nyuma ya mashine namba saba, mikono myeusi kwa mafuta.

"Wewe unahusika nini?"

"Ndani ya shingo ya sweta hilo kuna uzi mwekundu. Fundo lake la kwanza ni langu. Nililifunga Ijumaa iliyopita jioni, ninyi mmekwenda kunawa mikono."

Watu waliinua vichwa. Mama Mbilinyi alivaa miwani yake ili amwone vizuri.

"Mzee Gaspari, nilikukataza."

"Ulinikataza mdomo, nami mdomo nimeufunga wiki tatu mpaka umeota kutu. Vidole hukuvikataza." Alijifuta mikono kwenye suruali, hakuonekana kujivunia. "Mama, wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ilipita zamani, na wala si mgeni. Tumempa jembe la karatasi. Nikaona hapa hakuna atakayemwambia, kila mtu anamwogopa, na mimi namwogopa pia. Nikasema acha nimfungie uzi. Kama akili yake imerudi, atauona. Asipouona, basi Mama ana haki na mimi ni mzee mjinga."

Kisha akamgeukia Desderia. Ilionekana wazi kwamba jambo hilo lilimtisha kuliko kugombana na mwajiri.

"Na wewe Mhehe. Nafunga uzi Ijumaa, unakuja kusema Ijumaa nyingine. Uzi ule ungekuwa mkia wa mbwa, ungeuona tangu uko stendi ya Kilolo."

Leokadia aliziba mdomo.

Desderia alimtazama mzee yule. Kitu kama kicheko kilimpanda, kikageuka kilio. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na akalia mbele ya watu wote, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Watatu walikimbia kumshika. Gaspari akawazuia kwa mkono.

"Mwacheni alie. Hajaomba kushikwa."

Alipomaliza alijipangusa kwa mtandio.

"Nimekusikia, mtani," alisema. "Lakini utani wako hautanirudishia mikono. Mnataka kujua? Si malaria. Sijawahi kuumwa malaria mwaka huu. Niliumwa akili. Na bado nakunywa dawa. Dawa yenyewe nikiinywa usiku, asubuhi mikono inatetemeka na kichwa ni kama kimejazwa pamba. Inafika saa nne ndipo naamka kweli. Ninyi mnanitaka hapa saa moja, mnanikalisha, halafu saa tisa, nikiwa ndiyo nimepata nguvu, mnaniambia nenda kapumzike."

Mama Mbilinyi alivuta kiti. Tangu Desderia arudi, hakuwahi kukaa naye. Alikuwa akimsimamia tu kama nesi. Sasa alikaa, magoti yao yakakaribiana, na Desderia akaona kwamba mama huyu amezeeka tangu mwezi wa kumi na mbili.

"Sikulijua hilo," Mama Mbilinyi alisema.

"Hukuniuliza."

"Niliogopa kukuuliza. Oda ile niliichukua mimi, Desi. Zamu mbili nilikupa mimi. Nilikuona unakonda nikajiambia, wiki moja tu, wiki moja tu. Siku tulipokukuta chini ya mashine niliapa mkono wangu hautakutwisha tena kazi. Kila nikiitazama namba nne najiona mimi."

Desderia hakumwambia "usijali." Ulikuwa ukweli, akauacha ukae.

Kisha Mama Mbilinyi akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza, na lingekuwa rahisi zaidi siku hiyo.

"Sasa unaweza nini?"

Desderia aliwaza. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza hivyo.

"Nije saa nne," alisema. "Nikae namba nne. Nifume mikono ya masweta tu kwanza, kifua na mgongo baadaye. Zamu moja. Nikikosea niambiwe nimekosea, nifumue mwenyewe. Na siku ya kliniki nisitafutiwe uongo wa kuwaambia watu. Basi."

"Na pole?" Leokadia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Pole zimetosha. Ukitaka kunisaidia, usinifuate msalani."

Hapo watu walicheka, na yeye Leokadia akacheka huku anafuta machozi.

Usidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Mkono wa kwanza alioufuma ulikuwa aibu. Nyuzi zilichomoka mahali pawili na upana ulipinda kama mtu aliyekaa vibaya. Leokadia alitaka kuuficha chini ya wengine kwa huruma, akakumbuka, akaupeleka namba nne.

"Dada, huu umeharibika."

"Nauona. Lete."

Desderia aliufumua wote, mstari kwa mstari, na ilimchukua mchana mzima kuufuma upya. Gaspari alipita akasema huko Kilolo huenda kuna watu wenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi, wapelekewe sweta hilo. Hakujibiwa. Siku ya pili hakujibiwa. Siku ya nne Desderia alimwambia kwamba mikono mirefu wanayo Wangoni, kwa ajili ya kuchimbua mashimo ya panya. Mzee alikwenda stoo akakaa huko dakika kumi peke yake, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la uzi.

Wiki zikapita. Mikono ya masweta ikanyooka. Mwezi wake wa pili kwenye mashine akaongezewa kifua. Kulikuwa na siku nzuri, na siku za katikati, ambazo ndizo nyingi.

Halafu ikaja Jumanne moja ya mvua.

Kulikuwa na oda ya shule ya bweni iliyotakiwa Ijumaa, na namba nne ilikuwa inategemewa. Saa nne ikafika, kiti kitupu. Saa tano, kitupu. Watu wakawa wanatazama mlango kisha wanatazamana. Saa saba na nusu Desderia alitokea. Hakuingia. Alisimama kizingitini, maji yakimtiririka, ameshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye basi linalokwenda mbio.

"Mama," alisema. "Nimekuja kukwambia. Leo nimeamka nikakaa ukingoni mwa kitanda mpaka sasa hivi. Hakuna kilichotokea. Sikuweza tu kusimama. Tafuta mtu wa kukalia ile mashine, oda isije ikakwama kwa ajili yangu."

Mama Mbilinyi alikuwa anapiga pasi mwenyewe siku hiyo, kwa jinsi kazi ilivyobana. Aliiweka pasi wima. Alikuja mlangoni polepole, kwa mwendo wa mtu ambaye miguu imevimba.

Desderia aliyajua maneno yanayokuja. Alikuwa ameyasikia kwa kaka yake, ameyasikia hapa hapa. Kapumzike mwanangu mpaka upone kabisa. Ni maneno mazuri, na ukishaambiwa hayo, wewe kazini hutarudi tena. Aliinamisha kichwa ayapokee.

Mama Mbilinyi hakusema pole. Hakumwita Leokadia alete chai. Alisimama naye pale kizingitini, mvua ikiwarushia wote wawili, akavuta pumzi ya mtu aliyechoka, ambaye kazi bado anayo.

"Oda niachie mimi, hiyo ndiyo kazi yangu," alisema. "Wewe nenda kalale. Kesho ukiamka na nusu ya nguvu, njoo na hiyo nusu."

Funzo: Mwenzako anayerudi kazini baada ya kuumwa akili usimfiche kazi wala usimtungie kazi ya uongo. Muulize anaweza nini, mpe hicho kiwe cha kweli, na siku asiyoweza isiwe siku ya kumfungia mlango. Kama kuna mtu anarudi kazini kwenu wiki hii, wasomee wenzako hadithi hii kabla hajafika.